Wote Walijua Anaumwa, Bunduki Zikabaki Nyumbani

Mwanzoni mwa Agosti 2023, mwanamume wa miaka 40 aliingia kwenye duka la bunduki mjini Auburn, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Alikuwa amefuata kifaa cha kuzuia mlio wa bunduki. Kama ilivyo kawaida, akapewa fomu ya serikali kuu aijaze. Moja ya maswali yake linataka kujua kama mnunuzi amewahi kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili kwa amri ya mamlaka. Akajaza ndiyo. Muuzaji akafanya kama sheria inavyomtaka, akakataa kumkabidhi kifaa, na mteja akaondoka bila fujo.

Nyumbani kwake, katika eneo la Bowdoin, bunduki zilikuwepo tele. Mojawapo ilikuwa bunduki ya kisasa aliyoinunua kihalali mwezi mmoja tu nyuma, siku chache kabla ya kulazwa. Kuhusu hizo hakuna fomu iliyomuuliza lolote. Jioni ya Oktoba 25 aliingia na silaha kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi mjini Lewiston, ng'ambo ya mto kutoka Auburn, kisha kwenye baa moja mjini humo. Aliua watu 18 na kujeruhi 13. Wanne kati ya waliokufa walikuwa viziwi. Baada ya siku mbili mwili wake ulikutwa karibu na Lisbon, alikuwa amejiua. Jina lake sitalitaja hapa.

Wapo wasomaji wa Kiswahili wanaoijua Lewiston kuliko wanavyoijua Washington. Tangu 2001 familia za Kisomali, nyingi zikiwa zimepitia kambi za wakimbizi za Kenya, zimeufanya mji huo kuwa kwao. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Waangola, wengine wakibaki Lewiston na wengine Portland, saa moja hivi kwa gari. Watu hawa walivuka bahari kukimbia mtutu wa bunduki. Kwa karibu siku mbili za Oktoba ile waliambiwa wasitoke nje, wafunge milango, muuaji hajapatikana.

Nimeichagua Lewiston kwa sababu ndiyo kesi inayoumbua vizuri zaidi mabishano ya kale ya Marekani: je, mauaji haya yazuiwe kwa kumwaga fedha kwenye afya ya akili, au kwa kubana bunduki? Siku moja baada ya mauaji, Mike Johnson, aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, alisema kwenye televisheni kwamba tatizo ni moyo wa binadamu, si bunduki. Siku hiyo hiyo Jared Golden, mbunge wa Lewiston kutoka chama cha Democratic, aliyekuwa akipinga marufuku ya bunduki za mtindo wa kijeshi, alisimama mbele ya wananchi wake akaomba radhi na kusema amebadili msimamo. Kwa hiyo ndani ya saa ishirini na nne kila upande ulikuwa umeshika kamba yake. Kilichofuata, ambacho hakikupata kelele kiasi hicho, ni kazi ya tume huru iliyoongozwa na Daniel Wathen, Jaji Mkuu mstaafu wa Maine. Ilisikiliza mashahidi kwa miezi kadhaa, ikatoa ripoti yake ya mwisho Agosti 2024. Mtu anayetaka kuzungumzia suala hili kwa uzito aanzie kwenye ripoti ile.

Mei 2023, mtoto wa kiume wa muuaji na mama wa mtoto huyo walikwenda polisi. Walieleza kwamba baba anasikia watu wakimsema vibaya, watu ambao hawapo, na kwamba amechukua bunduki kati ya 10 na 15 kutoka nyumbani kwa kaka yake. Polisi wakawasiliana na kikosi chake cha askari wa akiba, maana alikuwa mwanajeshi wa akiba na kwa miaka mingi mkufunzi wa kurusha mabomu ya mkono. Julai, akiwa kwenye mazoezi jimboni New York, aligombana na wenzake na kujifungia chumbani. Wakuu wake wakampeleka hospitali ya jeshi, na kutoka huko akahamishiwa hospitali ya magonjwa ya akili. Alikaa huko karibu wiki tatu. Jeshi likaamuru asipewe silaha akiwa kazini, na wahudumu wa afya wakashauri silaha za nyumbani kwake ziondolewe.

Septemba, usiku wa manane, askari mwenzake ambaye pia alikuwa rafiki yake alimtumia mkubwa wao ujumbe wa simu. Aliandika kwamba anaamini jamaa huyu atafyatuka na kufanya mauaji ya watu wengi. Hakuzunguka, aliandika hivyo hivyo. Ofisi ya sherifu, yaani polisi wa kaunti, ikatuma afisa nyumbani kwa mgonjwa mara mbili. Afisa alisikia mtu akitembea ndani, akagonga, mlango haukufunguliwa, akaondoka. Suala la bunduki likaachiwa familia, kwa matumaini kwamba ndugu zake watazichukua. Wiki moja kabla ya mauaji, tahadhari iliyokuwa imetolewa kumhusu ikafutwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya yalikuwa yametanda kwa miezi mitano. Familia ilisema. Jeshi lilijua, hospitali ilimlaza, rafiki akaandika kwa mkono wake, polisi wakafika mlangoni. Nje ya jeshi, muuza bunduki alikuwa mtu pekee katika mlolongo wote huu aliyemnyima kitu, na hata yeye aliweza kwa sababu mgonjwa mwenyewe alijibu fomu kwa ukweli.

Sasa mtu aniambie: hapa palikosekana tiba, au palikosekana sheria ya bunduki? Ukisema tiba, alilazwa karibu wiki tatu kwenye hospitali ya kitaalamu, kitu ambacho Wamarekani wengi wenye maradhi ya akili hawakipati kabisa. Tiba haikukosekana mlangoni. Ilikosekana baada ya kutoka, kwa sababu hakuna aliyehakikisha anaendelea na dawa wala anakwenda kwa mtaalamu. Ukisema sheria, Maine ilikuwa nayo. Tangu 2020 jimbo hilo lilikuwa na sheria iliyopewa jina la bendera ya njano. Iliruhusu kumnyang'anya mtu silaha kwa muda, lakini kwa mzunguko mrefu: kwanza polisi wamshikilie kwa usalama wake, kisha mhudumu wa afya ampime na kuthibitisha kuwa ni hatari, ndipo jaji atoe amri. Tume ilisema wazi kwamba ofisi ya sherifu ilikuwa na sababu za kutosha kuanza mchakato huo Septemba. Haikuuanza. Tume ikalilaumu pia jeshi la akiba kwa kutotimiza wajibu wake.

Kwa hiyo jibu langu, na ndilo ninalolisimamia katika makala hii, ni kwamba fedha za afya ya akili na udhibiti wa bunduki havishindanii kazi moja. Kila kimoja kina kazi yake. Kinachozuia mauaji ya aina hii ni uwezo wa kumtenganisha mtu na silaha yake katika wiki zile ambazo kila anayemjua anaona anaelekea kubaya. Uwezo huo ni wa kisheria. Daktari hana, mnasihi hana, na bajeti ya hospitali hata iwe kubwa namna gani haiwezi kuununua. Tiba nayo inafanya kazi ambayo sheria haiwezi: inampunguzia mtu mateso, na inamrudisha kwenye hali ambayo siku moja anaweza kuaminiwa tena.

Wanaodai kwamba ugonjwa wa akili ndiyo chanzo wana hoja inayosikika vizuri, kwa sababu ni nani mwenye akili timamu angeua watoto darasani? Lakini huko ni kupima ugonjwa kwa ubaya wa tendo, na daktari hapimi hivyo. Mwaka 2018 FBI ilichapisha uchunguzi wa washambuliaji 63 waliofyatua risasi kwenye maeneo ya watu kati ya 2000 na 2013. Robo tu ndio waliokuwa na utambuzi wa kitabibu wa ugonjwa wowote wa akili, na waliokuwa na ugonjwa wa kupoteza uhalisia, ule wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, walikuwa 3. Walichofanana wengi ni misukosuko ya maisha iliyorundikana, kama ndoa, kazi, fedha na chuki, pamoja na tabia za kutia wasiwasi ambazo watu wa karibu walikuwa wameziona. Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyelitafiti jambo hili kwa miongo kadhaa, amekadiria kwamba hata kama maradhi makubwa ya akili yangetibiwa yote yakaisha, ukatili wa kila namna nchini Marekani ungepungua kwa takriban asilimia 4. Mtu aliyeua watu 60 kutoka dirisha la hoteli Las Vegas mwaka 2017 alikuwa na miaka 64, na hakuwa na historia ya matibabu ya akili ambayo ingemzuia kununua chochote.

Hoja hii tunaweza kuipima hata kwetu. Kenya ina watu zaidi ya milioni 50 na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wapatao 100, wengi wao wakiwa Nairobi na miji mikubwa. Jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Tanzania hali si bora. Sonona, skizofrenia, ulevi wa kupindukia na machungu ya vita vilivyokimbiwa, vyote tunavyo, na wagonjwa wetu wengi wanaishia kwenye maombi, kwa waganga, au kufungwa kamba uani ili majirani wasione. Kama ugonjwa usiotibiwa ndio unaozaa mauaji haya, shule na masoko yetu yangekuwa yanashambuliwa na wanafunzi na majirani kila mwezi. Hayashambuliwi hivyo. Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015 yalikuwa mashambulizi ya Al-Shabaab, kundi lenye silaha na mpango, na hayo ni mambo mengine kabisa. Makadirio ya 2018 ya Small Arms Survey, taasisi inayotafiti silaha duniani, yanasema raia wa Marekani wanamiliki bunduki takriban milioni 393, kwa maana ya 120 kwa kila watu 100. Kenya haifiki 2 kwa watu 100.

Na tazama ni wapi Kenya hutokea kisa kinachofanana na vya Marekani. Desemba 2021, huko Kangemi, Nairobi, askari polisi alichukua bunduki ya kazini, akamuua mkewe na watu wengine kadhaa, kisha akajiua. Kila tukio la namna hiyo hufufua mjadala wa msongo wa mawazo kwa polisi, na mjadala huo ni wa haki, askari wale wanahitaji msaada wa kweli. Lakini fundi wa gereji wa Kangemi ana msongo wa mawazo pia, na mwenye duka, na dereva wa matatu. Tofauti yao na yule askari ilikuwa kabatini mwa silaha.

Hapa kuna madhara ambayo wachambuzi wa Marekani wanayapita haraka mno. Kila baada ya mauaji kiongozi anaposimama na kusema ugonjwa wa akili, anawatia alama mamilioni ya watu ambao hawajamgusa mtu. Agosti 2019, baada ya watu kuuawa El Paso na Dayton ndani ya siku moja, Rais Donald Trump alisema ugonjwa wa akili na chuki ndivyo vinavyofyatua risasi, si bunduki. Mama mwenye kijana anayesikia sauti anayasikia hayo. Kijana mwenyewe anayasikia. Sisi tunaojua jinsi jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, linavyotumiwa mitaani kama tusi, hatuhitaji kueleweshwa kinachofuata: familia inaficha, mgonjwa anachelewa kutibiwa, na aibu inafanya kazi ambayo ugonjwa peke yake usingeifanya. Watu wenye maradhi makubwa ya akili wana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko kuufanya. Kudai fedha za kuwatibu kwa kuwatisha wengine kwamba watatuua ni kuwasaidia kwa mkono mmoja na kuwachapa kwa mwingine.

Tena wanaolitumia neno hilo mara nyingi hawalifuatishi na fedha. Mei 2022, baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde, Gavana Greg Abbott wa Texas alisema jamii inatakiwa kushughulikia afya ya akili, huku akikiri kwamba muuaji hakuwa na historia inayojulikana ya ugonjwa. Mwezi mmoja tu kabla, dola milioni 211 zilikuwa zimehamishwa kutoka idara inayosimamia huduma hizo Texas na kupelekwa kwenye operesheni ya mpakani. Juni mwaka huo Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoungwa mkono na vyama vyote viwili, ya kwanza yenye uzito kuhusu silaha kwa karibu miaka thelathini. Ilibeba mabilioni kwa afya ya akili, ikiwemo dola bilioni 1 za kuajiri wanasihi na wanasaikolojia mashuleni. Aprili 2025 Wizara ya Elimu ya serikali ya Trump ikatangaza kusitisha ruzuku hizo za dola bilioni 1. Majimbo kadhaa yakaenda mahakamani. Anayesema tatizo ni akili, kisha akamwondoa mnasihi shuleni, hatujui tena anapendekeza nini.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko utawala mmoja, na vyama vyote viwili vimo ndani yake. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa takriban 558,000, wengi katika hali ya kusikitisha. Mwaka 1963 Rais Kennedy alisaini sheria ya kuanzisha vituo vya jamii, ili watu watibiwe karibu na kwao. Hospitali zikaanza kufungwa, vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa, na mwaka 1981 serikali ya Reagan ikageuza fedha za mpango huo kuwa ruzuku ya jumla kwa majimbo, ikiwa pungufu. Leo vitanda vya hospitali hizo havifiki 40,000. Waliokosa kitanda wako barabarani na magerezani. Hilo ni deni la miaka sitini, na linastahili kulipwa kwa sababu wanaodaiwa huduma ni binadamu. Kama hakuna hata mmoja wao atakayewahi kushika bunduki, deni liko pale pale.

Mahali pamoja tiba na sheria ya bunduki vinakutana kweli, na ni mahali ambapo kamera haziendi. Mwaka 2022 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Mauaji ya watu wengi kwa pamoja, yale yanayotangazwa dunia nzima, ni sehemu ndogo sana ya vifo hivyo. Katika jimbo la uwindaji kama Maine, wanaokufa kwa bunduki wengi mno ni watu waliojiua nyumbani kwao. Sonona inatibika. Mtu aliyenusurika usiku mmoja mbaya, mara nyingi hajaribu tena na anaishi. Lakini bunduki haiachi nafasi ya pili. Hapo simu ya dharura ya 988, iliyoanza Julai 2022, na daktari na dawa vina kazi kubwa, na kuiondoa bunduki nyumbani kwa miezi michache kunampa daktari muda wa kuifanya. Swanson na wenzake walipoichunguza sheria ya Connecticut, jimbo lililotangulia wote kwa sheria ya aina hii mwaka 1999, walikadiria kwamba kwa kila watu 10 hadi 20 waliochukuliwa silaha, kifo kimoja cha kujiua kilizuiwa. Huko California watafiti walichambua kesi 21 ambazo amri ya mahakama ilitolewa baada ya mtu kutishia mauaji ya watu wengi. Hakuna hata tishio moja kati ya hayo lililotimizwa. Mtafiti mwaminifu atakwambia kesi 21 ni chache na hatuwezi kujua wangapi wangetenda. Nakubali. Lakini kama ujumbe wa yule askari wa Maine ungefika mezani kwa jaji, ni upande gani ungependa makosa yatokee?

Wanaotetea udhibiti wa silaha nao wana la kujibu, kwa sababu sheria iliyoandikwa haijamnyang'anya mtu bunduki mpaka kuna mtu amekwenda kuidai. Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliwaua watu weusi 10 kwenye duka la vyakula mjini Buffalo, New York. Mwaka mmoja nyuma, akiwa bado shuleni, aliandika kwamba anataka kuua na kujiua. Polisi wa jimbo walimpeleka hospitali, akapimwa, akatoka baada ya kama siku moja na nusu. New York ilikuwa na sheria kamili ya bendera nyekundu, ile inayomruhusu hata mwanafamilia au shule kwenda moja kwa moja kwa jaji. Hakuna aliyepeleka ombi. Kijana akaja kununua bunduki dukani, mfumo ukamkagua, haukuona kitu. Ilibidi Gavana Kathy Hochul atoe amri ya kuwalazimisha polisi wa jimbo kupeleka maombi wanapokuwa na sababu, ndipo sheria ikaanza kutumika ipasavyo. Buffalo na Lewiston zinafanana kwa hilo: mgonjwa alipimwa, silaha haikuguswa. Huko Maine hospitali ilidhani ni kazi ya polisi, polisi wakadhani ni kazi ya familia, na familia haikuwa na nguvu yoyote isipokuwa kubembeleza.

Kinyume chake ni Florida, ambako hakuna anayeweza kusema ni jimbo la watu wasiopenda bunduki. Baada ya wanafunzi na wafanyakazi 17 kuuawa Parkland Februari 2018, Bunge la jimbo lililoongozwa na Republican lilipitisha sheria ndani ya wiki tatu, na Gavana Rick Scott wa chama hicho hicho akaisaini. Ndani yake mlikuwa na bendera nyekundu na mlikuwa na fedha za afya ya akili mashuleni, vyote kwenye karatasi moja. Polisi wa huko walifundishwa kuitumia, na mahakama zimetoa maelfu ya amri tangu hapo. Hapo hapakuwa na haja ya kuchagua.

Nimesikia hoja kwamba sheria hizi zitawafanya wenye silaha wakimbie madaktari, wakihofia kunyang'anywa. Naichukulia kwa uzito, hasa kwa askari na wakulima ambao bunduki kwao ni kazi. Ndiyo maana mlango wa mahakama uwe wazi kwa watu wa nyumbani, ili daktari asigeuzwe kuwa mpelelezi wa wagonjwa wake. Sheria ya bendera ya njano ya Maine ilimweka mhudumu wa afya katikati: bila yeye kutamka kwamba mtu ni hatari, hakuna amri. Ilichanganya ugonjwa na hatari kana kwamba ni kitu kimoja. Mume anayemtishia mkewe kwa bastola huenda hana ugonjwa wowote wa kupimwa, na bado ni hatari kuliko wagonjwa wote wa wodi.

Kuhusu yule muuaji wa Lewiston kuna jambo jingine lililogunduliwa baada ya kifo chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake walikuta uharibifu mkubwa kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo. Akiwa mkufunzi, alikuwa amekaa karibu na maelfu ya milipuko ya mabomu ya mkono. Watafiti hawakusema kwamba hilo ndilo lililomfanya aue, ila walisema huenda lilichangia dalili zake. Nikisoma hayo naona wazi kwamba jeshi linawadai askari wake uchunguzi wa ubongo na tiba ya kudumu, na kwamba Marekani inapaswa kuligharamia hilo hadi senti ya mwisho. Pia naona kwamba hata kama ugunduzi huo ungepatikana Julai, akiwa bado hospitalini, ubongo ule haukuwa na dawa ya kuuponya kabla ya Oktoba. Bunduki zingeweza kutolewa nyumbani kwa siku moja.

Aprili 2024 Bunge la Maine lilipitisha muda wa kusubiri saa 72 kabla ya kukabidhiwa bunduki iliyonunuliwa, likapanua ukaguzi wa wanunuzi, na kutenga fedha kwa huduma za dharura za afya ya akili. Sheria ya njano ikafanyiwa marekebisho ili polisi waweze kuomba hati ya kumshikilia mtu asiyetaka kufungua mlango, na tangu mauaji yale imetumika mamia ya mara, jambo linaloonyesha kwamba wengi wa watu hao walikuwepo tangu mwanzo. Bendera nyekundu yenyewe ilikwama bungeni, na Gavana Janet Mills aliipinga. Wananchi wakaipeleka kwenye kura, na Novemba 4, 2025 zaidi ya asilimia 60 wakasema ndiyo, katika jimbo ambalo kuwinda paa ni sehemu ya utoto. Sasa mwanafamilia au mtu wa nyumba moja anaweza kwenda mwenyewe kwa jaji na kueleza anachokiona.

Kazi iliyobaki ni kuhakikisha anajua kwamba anaweza. Mama wa Kikongomani wa Lewiston anayemwona mkwewe anabadilika hatakwenda mahakamani kwa sababu gazeti limeandika. Wengi wetu tumelelewa kuziogopa mahakama na kuwakimbia polisi, na asiye na makaratasi ya kudumu ana sababu ya ziada ya kunyamaza. Anahitaji fomu anayoweza kuisoma, mkalimani siku ya kusikilizwa, na uhakika kwamba mtu wake atachukuliwa silaha bila kufunguliwa kesi ya jinai kwa sababu ya kuumwa. Siku hiyo hiyo anahitaji kituo cha dharura chenye nafasi, ili mkwewe akitoka kwa jaji awe na pa kupelekwa. Makanisa, misikiti na vyama vya Waafrika wa Maine vinaweza kulianza hili mwezi huu, kwa Kiswahili, Kisomali, Kilingala na Kifaransa, na jimbo liwalipe kwa kazi hiyo.